Dakika Tatu za Kostiki Soda

Kipande cha ngozi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba kimelazwa ndani ya kikombe cha plastiki. Hakuna aliyechunwa. Kimeoteshwa maabara kwa seli zilizotoka kwenye ngozi ya ziada inayobaki baada ya upasuaji. Zililishwa, zikatunzwa kwa joto la mwili, zikaachwa zijipange tabaka juu ya tabaka kwa takriban wiki mbili, hadi lile la juu kabisa likakauka kama lilivyo la mkono wa mtu. Mtaalamu anadondosha kemikali juu yake na kuangalia saa. Dakika 3 zikitimia anakiosha, anakiweka kwenye maji yenye rangi ya manjano, kisha anasubiri.

Rangi hiyo ndiyo shahidi. Seli iliyo hai huigeuza kuwa zambarau. Iliyokufa haina uwezo huo. Zambarau hukamuliwa kutoka kwenye ngozi, ikapimwa kwa mashine na kulinganishwa na ya kipande kingine kilichowekewa maji matupu. Isipofika nusu yake, hukumu imetoka: kemikali hiyo ni babuzi. Ikivuka nusu, kipande cha pili huachiwa kemikali ileile kwa saa nzima, na uhai ukishuka chini ya asilimia 15, hukumu ni hiyohiyo.

Kila jaribio la namna hii hufanywa sambamba na kemikali ambayo ukali wake hauna ubishi, ili ijulikane kuwa kipimo chenyewe kinafanya kazi. Kwa ngozi ya maabara iitwayo EpiDerm, kemikali hiyo ni potasiamu haidroksaidi. Hiyo ni pacha wa sodiamu haidroksaidi, ambayo wapika sabuni wetu, kutoka Kigoma kwenye mawese hadi nyua za Dar es Salaam na Nairobi, wanaijua kwa jina la kostiki soda.

Ukali wa kostiki unajulikana kwa tarakimu. Kuna dakika zake, kuna asilimia zake, kuna alama yake na namba yake ya kimataifa. Ila tarakimu hizo husafiri na gunia, na zinaishia gunia linapofunguliwa. Anayekuja kuikoroga kwenye ndoo aghalabu haoni hata moja.

Sungura walitangulia

Hadithi ya vipimo hivi inaanzia kwenye vipodozi. Mwaka 1933 huko Marekani wanawake waliotumia rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure walipata madhara makubwa ya macho. Baadhi yao walipofuka, na angalau mmoja alifariki. Sheria ya wakati huo haikuipa serikali nguvu ya kuiondoa bidhaa hiyo sokoni. Sheria mpya ya vyakula, dawa na vipodozi ilipitishwa mwaka 1938, na kwayo likazuka swali la kitaalamu: utajuaje kuwa kitu kitaumiza jicho kabla hakijaliumiza?

Jibu lilitolewa mwaka 1944 na John Draize, mtaalamu wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, pamoja na wenzake. Kemikali iliwekwa katika jicho moja la sungura, la pili likaachwa liwe la kulinganishia. Kiasi kilichokuja kuzoeleka ni mililita 0.1, chini ya ujazo wa matone machache. Wapimaji walihesabu wekundu, uvimbe na ukungu wa jicho kwa alama, siku baada ya siku. Kwa ngozi, kemikali ilibandikwa kwenye mgongo ulionyolewa manyoya. Kwa miaka mingi dunia ilipima ukali wa kemikali kwa njia hiyo, na mwaka 1981 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, likaiweka katika miongozo yake: namba 404 kwa ngozi na namba 405 kwa macho.

Lawama ya kwanza iliyotikisa kipimo hiki ilitoka kwa wanasayansi wenyewe. Utafiti wa Weil na Scala uliochapishwa mwaka 1971 ulipeleka kemikali zilezile kwenye maabara zaidi ya 20. Majibu yalitofautiana vibaya: kemikali iliyoonekana kali katika maabara moja ilionekana ya kawaida katika nyingine. Wekundu wa jicho hupimwa na mtu, na mtu na mtu hawaoni sawa.

Lawama ya pili ilikuwa ya huruma. Mwaka 1980 mwanaharakati Henry Spira alichapisha tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times, akiishutumu kampuni ya vipodozi ya Revlon kwa kupofusha sungura. Muda si mrefu Revlon ilitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili kitafute njia mbadala. Fedha na fikra za kipindi hicho ndizo zilizosaidia kuzaa ngozi ya maabara, ambayo OECD iliikubali rasmi kwa kupima ubabuzi mwaka 2004 kupitia mwongozo namba 431. Umoja wa Ulaya nao ulifunga soko lake kabisa kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama mwaka 2013.

Leo tathmini haianzi na mnyama hata kidogo. Kwanza hukusanywa kinachojulikana: ajali za viwandani, kemikali za jamii moja, kiwango cha pH. Ikiwa pH ni 2 au chini, au 11.5 na zaidi, kemikali huhesabiwa kuwa babuzi hadi ithibitishwe vinginevyo. Baada ya hapo huja ngozi ya maabara. Sungura amebaki wa mwisho kabisa, pale njia nyingine zote zinaposhindwa kutoa jibu. Na kemikali ikishathibitika kubabua ngozi, hakuna tena haja ya kuijaribu kwenye jicho. Huchukuliwa moja kwa moja kuwa inaharibu macho.

Kuwasha na kubabua

Wataalamu hutenganisha mambo mawili ambayo mtaani huitwa kwa pamoja kuungua. Kemikali inayowasha huacha ngozi nyekundu, imevimba, pengine ina malengelenge, lakini ngozi hiyo hurudi ilivyokuwa. Inayobabua huua ngozi kutoka tabaka la juu hadi ndani, na mahali pale hubaki kovu.

Ubabuzi nao una madaraja. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, GHS, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, huyagawa kwa muda. Daraja 1A ni la kemikali inayoua ngozi kwa kugusana nayo kwa dakika 3 au chini ya hapo, na jeraha likaonekana ndani ya saa moja. Daraja 1B ni zaidi ya dakika 3 hadi saa moja. Daraja 1C ni zaidi ya saa moja hadi saa 4. Kwa madaraja haya mawili ya mwisho ngozi hufuatiliwa hadi siku 14, kwa kuwa si kila jeraha hujitokeza siku hiyohiyo.

Kostiki imewekwa daraja 1A, na sababu yake wapika sabuni wanaijua vizuri kuliko watu wengi. Kostiki ikikutana na mafuta huyavunja na kuyageuza sabuni. Haibagui mafuta ya mawese na mafuta yaliyo katika ngozi ya mkono. Aliyewahi kuguswa na maji ya kostiki anaujua ule utelezi kwenye vidole usioisha upesi. Sehemu ya utelezi huo ni ngozi yake mwenyewe ikianza kupikwa sabuni.

Mafuta yakishatoboka, protini za ngozi nazo huyeyuka, na kila tabaka linaloyeyuka hufungua njia ya kwenda la chini yake. Hapo ndipo alkali inapotofautiana na tindikali kama ile ya betri ya gari. Tindikali nyingi hugandisha protini zikawa gamba, na gamba hilo hupunguza kasi ya tindikali kupenya. Alkali haiachi gamba. Tena maumivu yake yanaweza kuchelewa, mtu akaendelea na kazi huku jeraha likichimba.

Asilimia ndani ya ndoo

Swali linalofuata ni la kiasi. Kostiki iliyoongezewa maji bado ni ileile? Sheria ya Umoja wa Ulaya inajibu kwa namba tatu. Myeyusho wenye asilimia 5 ya kostiki au zaidi ni daraja 1A, sawa na kostiki yenyewe. Kuanzia asilimia 2 hadi chini ya 5 ni daraja 1B. Kuanzia asilimia 0.5 hadi chini ya 2 huhesabiwa kuwa unawasha ngozi na macho.

Tuzilete namba hizo jikoni. Mpika sabuni anayeweka kilo 1 ya kostiki katika lita 3 za maji amepata myeyusho wa asilimia 25, mara tano ya kiwango kinachotosha kuingia daraja la juu kabisa. Ndoo hiyo ikilala usiku mzima ipoe, kama wengi wafanyavyo, asubuhi inakuwa na maji meupe yasiyo na harufu wala moshi. Joto limeondoka, ukali haujaondoka. Hata yule anayesema ameizimua mpaka haina nguvu, akiwa amebakiza gramu 6 tu katika lita moja ya maji, bado yumo katika kundi la vitu vinavyowasha macho.

Macho hayasaidii kutambua. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya na kusafishwa kuwa soda ya viwandani ni meupe kama kostiki. Nayo ni alkali, lakini huwekwa katika kundi la vitu vinavyowasha macho, hayafiki daraja la ubabuzi wa ngozi. Mifuko miwili isiyo na maandishi, mmoja wa magadi na mmoja wa kostiki, inaweza kukaa rafu moja bila muuzaji mgeni kujua upi ni upi.

Fundi asiyehesabiwa

Hata hivyo, vipimo vina mipaka yake, na anayeionyesha vizuri ni fundi mwashi. Saruji iliyochanganywa na maji ina pH kati ya 12 na 13. Katika uainishaji wa Ulaya, saruji ya kawaida huandikwa kuwa inawasha ngozi na inaharibu macho. Haijaandikwa kuwa inababua ngozi. Lakini hospitali za nchi nyingi zimepokea mafundi wenye majeraha ya saruji yaliyochimba magoti na vifundo vya miguu.

Sababu ni saa. Kipimo cha ngozi huishia saa 4 za kugusana. Fundi anayesakafia hupiga magoti juu ya zege asubuhi, suruali inalowa, na anaivua jioni. Anayemwaga zege akiwa na gambuti fupi huingiwa na uji wa saruji ndani ya buti, akatembea nao kutwa. Hasikii moto. Anasikia tu ubichi, mpaka anapovua nguo na kukuta ngozi imebadilika rangi. Tathmini humweleza mtu kemikali inaweza kufanya nini kwa muda fulani. Muda wenyewe huamuliwa na kazi, na saa za kazi za huku hazikuwamo katika hesabu ya maabara.

Jicho halisubiri

Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ina unene wa takriban nusu milimita. Kostiki hupenya humo na kufika ndani ya jicho kwa dakika chache.

Kwa kemikali ambazo ngozi haijatoa jibu, wataalamu leo huenda machinjioni. Macho ya ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama huchukuliwa yangali mabichi, konea ikakatwa na kubanwa katikati ya kifaa chenye vyumba viwili. Kemikali humwagwa upande mmoja. Ikiwa ni ya maji huachwa dakika 10, kisha huoshwa. Mashine hupima mambo mawili: ukungu ulioingia kwenye konea, na kiasi cha rangi ya fluoresini kinachovuja kwenda upande wa pili. Alama zikizidi 55, kemikali inaharibu jicho. Zikiwa 3 au chini, haihitaji onyo la macho. Zikiangukia katikati, kipimo hakitoi hukumu, na kingine hutafutwa.

Daktari wa macho naye ana kipimo chake, na kinakwenda kinyume na matarajio ya wengi. Jicho lililomwagikiwa alkali likawa jekundu sana linatisha, lakini wekundu maana yake damu bado inafika. La kuogofya ni lile ambalo ukingo wa konea umekuwa mweupe na mtulivu. Hapo mishipa midogo imekufa, na zile seli za ukingoni zinazoiotesha konea upya huenda zimekufa nayo. Jamaa wanaofarijika kwamba jicho halijawa jekundu huenda wanaangalia dalili mbaya kuliko zote.

Kutoka gunia hadi mfuko

Kostiki hufika kwa muuzaji wa jumla mara nyingi ikiwa katika magunia ya kilo 25, vipande vyeupe kama magamba au punje za duara. Gunia lililofuata utaratibu lina alama ya pembenne yenye mpaka mwekundu. Ndani yake vimiminika viwili vinamwagika, kimoja kinakula chuma na kingine kinakula mkono. Lina neno la hatari, lina namba ya Umoja wa Mataifa 1823, lina onyo la H314, maana yake husababisha majeraha makubwa ya ngozi na kuharibu macho. Kazi yote iliyoanza kwa jicho la sungura imefupishwa katika eneo lisilozidi kiganja.

Kisha gunia linafunguliwa. Muuzaji anachota kwa kopo, anaweka kwenye mizani, anamimina nusu kilo kwenye mfuko mwangavu na kuufunga fundo. Ile iliyokwisha kuyeyushwa huingia chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa au ya juisi. Wanaotengeneza sabuni ya maji hupimiwa salfoniki kwa njia hiyohiyo, ile nzito ya kahawia, ambayo nayo hubabua ngozi. Bidhaa imegawanywa mara hamsini, lebo imebaki moja, na jioni gunia tupu linauzwa kuwekea mkaa.

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayefanya biashara ya kemikali asajiliwe, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usalama wa wafanyakazi uko chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa sheria nyingine ya mwaka huohuo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, limefundisha wengi kutengeneza sabuni. Lakini mnunuzi wa nusu kilo hakutani na hata mmoja wa hao siku ya kununua. Anakutana na mwenye mizani.

Dumu la lita ishirini

Kwa aliyeshika ndoo, tarakimu hizi zina maana ya matendo machache. Kostiki huwekwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa kuwa joto linalozuka hapo hurusha matone usoni. Chombo kiwe ndoo ya plastiki ngumu au chuma cha pua. Sufuria ya alumini huliwa na kostiki, ikatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Miwani inayofunika macho pande zote ni muhimu kuliko barakoa, na glavu ziwe za mpira mzima, ndefu kupita kifundo cha mkono.

Ikimwagika, dawa ni maji. Punje kavu zipanguswe kwanza, nguo na viatu vivuliwe, kisha maji mengi bila kukatiza. Ndimu na siki visitumike kuizima, kwani tindikali ikikutana na alkali huzalisha joto juu ya ngozi iliyokwisha kuumia. Maziwa nayo hupoteza dakika ambazo jicho halina. Jicho lishikwe wazi, lioshwe, na majeruhi apelekwe hospitali akiwa tayari amekwisha kuoshwa. Kumkimbiza kabla ya kumwosha ni kuipa kostiki muda.

Maji kiasi gani? Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI Z358.1 kinataka chombo cha kuoshea macho kitoe angalau lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15. Jumla yake ni lita 22 na nusu, yaani dumu moja la lita 20 na jagi juu yake. Kiwango hichohicho kinataka maji hayo yafikiwe ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo dumu lililojaa maji safi, lenye kikombe pembeni, likae hatua chache kutoka kwenye ndoo ya kostiki kabla gramu ya kwanza haijapimwa. Bomba la jirani ng'ambo ya uchochoro halimo katika hesabu.

Kwa mwenye mizani, kazi ni ndogo zaidi. Karatasi ya ukubwa wa kiganja inatosha: jina la kemikali, ile alama ya mkono unaoliwa, sentensi moja kwamba inaunguza ngozi na kupofusha, nyingine kwamba iwekwe kwenye maji na si maji juu yake, na ya tatu kuhusu kuosha kwa maji mengi. Kurasa chache za fotokopi zikikatwa vipandevipande zinamaliza gunia zima. Wakaguzi wanaodai vyeti vya usajili dukani wanaweza kudai karatasi hiyo pia, na walimu wa sabuni wanaweza kumfundisha mwanafunzi asipokee mfuko usio nayo.

Hakuna utafiti mpya unaosubiriwa hapa. Muda wa kostiki juu ya ngozi ulikwisha kupimwa, asilimia zake zimeandikwa, na namna ya kuliokoa jicho inajulikana. Gharama ya kuyajua hayo ililipwa na wengine, wakiwemo wanyama ambao hawakuulizwa. Kilichobaki ni kunakili mistari mitano kutoka kwenye gunia na kuipachika kwenye mfuko, na kazi hiyo haihitaji maabara.